Baba, Kaa Mbele: Wikendi ya Mitumbwi kwa Skauti na Baba Zao

Kila mwaka masika yakishakatika, simu yangu huanza kulia. Wanapiga kutoka Makumira, Usa River, Kikatiti, hata Njiro na Sakina mjini. Sisi viongozi wa skauti huitwa skauta, na swali ni lilelile: "Skauta, ile safari ya mitumbwi ya baba na mtoto inaandaliwaje? Na sisi tunaiweza?" Nimelijibu nje ya kanisa, nimelijibu kwenye foleni ya daladala, nimelijibu nikiwa nyuma ya bodaboda huku upepo ukinipokonya maneno. Sasa naliandika, ili anayeuliza nimpe karatasi.

Mnaiweza. Lakini nitangulize jambo moja ambalo halipendezi. Katika safari hizi sijawahi kuona mtoto aliyeharibu mambo. Nimeona akina baba walioyaharibu, tena kwa nia njema kabisa: wamebeba kila kitu wao, wamefunga kamba wao, wamepiga makafi wao, na mtoto amekaa katikati ya mtumbwi kama mzigo wa ndizi unaopelekwa sokoni. Kwa hiyo mengi ya hapa chini ni maagizo kwa baba. Mtoto msomee tu.

Ziwa gani?

Anzeni Duluti. Liko Tengeru, mwendo mfupi kutoka Makumira ukielekea Arusha. Unashuka barabara kuu, unaingia ndani kwa mguu au kwa bodaboda. Ni ziwa la kreta, shimo la volkano ya kale lililojaa maji, lenye hekta 60 na ushee, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,290. Msitu unaolizunguka ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hakuna viboko, na ukingo wa kreta hulikinga na upepo.

Mtaambiwa ziwa hili halina mwisho, kwamba aliyetupa kamba hakugusa chini. Waliolipima wamepata kina cha mita 9 hivi. Mwambie mwanao ukweli huo, kisha umkumbushe kwamba wewe ni mrefu wa mita moja na robo tatu, na zote zinazobaki ni za kuzama.

"Mbona tusiende Momella, kwenye wanyama?" Hili nalo huulizwa kila mara. Momella iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kwenye Momella Ndogo watalii hupanda mitumbwi kweli. Lakini humo wamo viboko, nyati hushuka kando ya maji, na hamwendi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Hiyo ni safari ya mwaka wa pili, ya kutwa, kwa vijana waliokwishajua kafi, na kupitia kampuni yenye kibali. Baba anayetaka kuanzia Momella huwa anataka picha.

Na ukisema Duluti ni dogo, mtalimaliza kwa saa moja, ninakubali: mtu mzima aliyezoea hulizunguka bila kutokwa jasho. Mtoto wa miaka 12 anayejifunza kunyoosha mtumbwi huku baba yake akimwelekeza kwa sauti ya juu hatalimaliza siku mbili.

Lini?

Epukeni Machi hadi Mei, na epukeni vuli ya Novemba na Desemba. Juni na Julai ni likizo na mvua hakuna, lakini baridi na ukungu wa Mlima Meru hukaa mpaka saa nne asubuhi, na mtoto aliyelowa kwenye baridi hiyo hufurahia dakika kumi tu. Mimi hupenda Februari, au Septemba kabla mawingu hayajarudi. Kama kundi lina watoto wa darasa la saba, Septemba haifai, wako kwenye mtihani. Angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku mbili kabla, na tena asubuhi ya kuondoka.

Siku za wiki zina mgogoro wake. Wengi wetu huku ni Walutheri, na Jumapili baba mzee wa kanisa hawezi kuonekana na kafi mkononi. Kwa Wasabato, Jumamosi haiguswi. Nimejaribu mipango mingi, na uliokubalika kwa wengi ni huu: mnafika Ijumaa saa tisa alasiri, mnalala, Jumamosi mnashinda majini, saa kumi na moja jioni mnafunga mahema, na Jumapili kila mtu yuko kanisani kwake. Usiku ni mmoja, na kwa mara ya kwanza unatosha. Wenye Wasabato wengi waanze Jumamosi jua likishazama, washinde Jumapili yote ziwani. Msijaribu kuwapanga wote siku moja. Fanyeni safari mbili.

Jambo la kukumbuka: Jumamosi ni siku ya gulio Tengeru. Kuondoka saa tano asubuhi na Hiace iliyojaa mahema ni kujitafutia mateso.

Ruhusa kabla ya furaha

Sehemu hii inachosha, ila kundi lisiloipitia hurudishwa getini.

- Barua kwa kamishna wa skauti wa wilaya, ikitaja tarehe, mahali, idadi, na mtu mzima anayewajibika.
- Barua kwa mkuu wa shule, kama kundi ni la shule.
- Ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Mama naye asaini. Baba akiwa ndiye anayesafiri, mama ndiye anayejua mtoto ana pumu.
- Kibali cha kuingia na kulala msituni kutoka TFS. Malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontroli namba, kwa hiyo msije na bahasha ya noti mkidhani mtamalizana mlangoni. Risiti chapisheni, maana simu huzima chaji.
- Makubaliano ya maandishi na mwenye mitumbwi: mingapi, saa ngapi, majaketi mangapi ya watu wazima na mangapi ya watoto.

Hilo la mwisho nendeni mkalione kwa macho wiki mbili kabla. Niliwahi kuahidiwa kwa simu majaketi 16. Tulipofika yalikuwa 16 kweli, yote ya watu wazima, na matatu kati yake hayakuwa na vifungo. Siku hiyo watoto hawakuingia majini hata mmoja. Nilitukanwa kwa upole, kama baba wa Kimeru wanavyojua kutukana, na nilistahili.

Bei siziandiki, hubadilika. Gawanyeni gharama kwenye mafungu haya: viingilio na kambi, mitumbwi na mwongozaji, chakula, usafiri, na akiba ambayo haiguswi mpaka mtoto avunjike mkono. Kusanyeni kidogo kidogo kwa miezi miwili kupitia simu. Baba fundi ujenzi anaweza kutoa elfu tano kwa wiki. Ukimtaka yote Alhamisi jioni, atakwambia ana msiba.

"Mimi sijui kuogelea"

Hakuna sentensi ninayoisikia zaidi ya hii, na huwa inasemwa kwa kunong'ona. Baba zetu wengi wa huku mlimani hawajui kuogelea. Mito yetu ni ya kumwagilia migomba, haina kina cha kumfundisha mtu. Si aibu. Aibu ni kuificha, ukapanda mtumbwi, ukashikwa na hofu katikati ya ziwa mbele ya mwanao.

Kutojua kuogelea hakukuzuii kuja. Kunakuwekea masharti:

1. Mwambie kiongozi mapema. Jina lako liandikwe kwenye orodha ya mitumbwi inayokaa karibu na ufuko, isiyozidi hatua 20 kutoka nchi kavu, sambamba na mtumbwi wa skauta.
2. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe nchi kavu na livuliwe nchi kavu. Kwa wote, wanaojua na wasiojua.
3. Pima jaketi hivi: mwenzako akuinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, badilisha. Kwa mtoto rudia kila anaporudi majini, maana watoto hulegeza kamba.
4. Dumu tupu si jaketi. Najua ulivyovuka mto ukiwa mdogo.
5. Kabla ya safari, nendeni siku moja kwenye bwawa la kuogelea lenye mwalimu. Huko Usa River na Tengeru hoteli zenye mabwawa zipo. Ulizeni ipi inapokea watu wa siku. Baba aingie na jaketi, ajiachie, aone kwamba linamwinua. Nusu saa hiyo ina faida kuliko hotuba zangu zote.

Mazoezi ya kupinduka nayo myafanyie bwawani, si Duluti. Kwanza ziwani msiogelee hovyo, fuateni atakavyosema mwongozaji. Pili, maji yaliyotulia yenye majani na konokono ndiyo makao ya kichocho. Mtu akitumbukia kwa bahati mbaya, ajifute kwa taulo mara moja na asikae na nguo mbichi. Wiki chache baadaye akiona damu kwenye mkojo, aende hospitali aseme wazi kwamba aliingia ziwani. Dawa ipo.

Nani akae wapi

Hapa ndipo ninapogombana na watu.

Mtumbwi wa watu wawili una nafasi mbili zisizolingana. Watu wa pwani wana maneno mazuri, omo na tezi; sisi wa bara tunasema mbele na nyuma, na yanatosha. Wa nyuma ndiye anayeongoza. Wa mbele ni injini na macho. Kila baba anayekuja, bila kuuliza, huenda kukaa nyuma. Ndiyo mahali pa dereva, na baba ni dereva.

Saa ya kwanza mwacheni hapo. Mtoto aliye mbele ajifunze kushika kafi: mkono mmoja juu kichwani pa kafi, mwingine karibu na bapa, mgongo wima, kafi lizame lote. Kila mtu apige upande wake, baba kulia, mtoto kushoto, na wasibadilishe mpaka wa nyuma aseme "Badili!" Piga makofi mawili ya mdundo nchi kavu kabla ya kuingia. Wanaoshindwa kupiga makofi pamoja watashindwa kupiga kafi pamoja.

Baada ya hapo, badilishaneni. Baba akae mbele.

"Lakini mimi nina kilo 90 na mtoto ana 35!" Ndiyo. Ukikaa mbele bila mpango, pua ya mtumbwi itazama, nyuma itaelea juu, na mtoto atakuwa anapiga hewa. Dawa yake ni mizigo. Chukueni dumu la lita 20 lililojaa maji, hizo ni kilo 20, liwekeni chini mbele ya miguu ya mtoto, mlifunge kwa kamba lisibiringike. Mfuko wa hema nao usogezwe nyuma. Baba arudi hatua moja kuelekea katikati na apige magoti badala ya kukaa. Uzito ukishuka chini mtumbwi hutulia. Mtu mmoja asimame ufukweni atazame: pua na mkia vikilingana juu ya maji, nendeni.

Watoto wa chini ya miaka 10 wasishike nyuma. Wao wapande na baba na skauta, kama mtumbwi ni wa watu watatu.

Baba akiwa mbele kuna jambo humpata. Hamwoni mtoto. Anasikia tu sauti nyuma yake ikisema "piga kulia, baba." Mtumbwi unakwenda mrama, unaelekea kwenye matete, na baba anajua kabisa kosa liko wapi. Asigeuke. Kugeuka ndiko kunakopindua mitumbwi. Asinyooshe kafi kurekebisha. Ahesabu mpaka 50. Mara nyingi ikifika 30 mtoto amegundua kwamba kafi likizamishwa nyuma na kuachwa lilale ubavuni linageuka usukani. Hakuambiwa na mtu, na hatalisahau.

Pingamizi kubwa ni la heshima. Baba mmoja aliniambia, "Skauta, mtoto aniamuru mimi, mbele za watu?" Sikumcheka. Katika nyumba zetu mtoto husema "naomba" na "samahani", na majini hakuna nafasi ya maneno hayo yote. Tulichokubaliana katika kundi letu ni hiki: nchi kavu kila kitu kinabaki palepale, shikamoo na mikono miwili. Majini kuna maneno manne yasiyo na adabu wala utovu wa adabu: Piga, Acha, Badili, Kaa. Baba ndiye anayemfundisha mtoto wake maneno hayo Ijumaa jioni, mbele ya wenzake, na kumwambia, "kesho ukiniambia Kaa, nitakaa." Yakitoka kwanza kinywani mwa baba, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Na kumbukeni skauti ilivyoanza. Kambi ya kwanza ya mwanzilishi wake, Baden-Powell, mwaka 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, ilikuwa ya wavulana wapatao 20 waliogawanywa kwenye patroli, kila patroli na mvulana wao aliyewaongoza. Akina baba hawakuwepo. Tukiwaalika baba leo, tunawaalika kwenye nyumba ya watoto. Kiongozi wa patroli mwenye miaka 14 akisema sufuria zioshwe sasa, baba mhasibu naye anaosha.

Mtumbwi ukipinduka

Someni hili kwa sauti Ijumaa jioni, kila mtu akiwa ameketi.

- Ushike mtumbwi. Hata ukiwa umepinduka, unaelea. Usiuache kwenda kuogelea ufukweni, hata kama unaona ni karibu.
- Mwite mwenzako kwa jina. Mtoto akae upande mmoja na wewe, mkono wako juu ya mkono wake.
- Makafi na ndala viache viende. Simu ilishakufa, iache nayo.
- Puliza filimbi mara tatu. Kila jaketi lifungwe filimbi. Kwetu moja ni simama utazame, mbili ni kusanyikeni, tatu ni hatari, na wote walio majini wanaelekea ufukweni isipokuwa mtumbwi wa uokoaji, ule wa skauta.
- Mwokoaji afike na kamba au kafi la kunyoosha. Asijitose. Wengi huzama wakimwokoa mwenzao.

Aliyetolewa majini hapumui: msimning'inize kichwa chini, msimkandamize tumbo kutoa maji. Haya bado yanafanywa na yanaua. Mlazeni chali, mpeni pumzi 5 kinywani, kisha mikandamizo 30 katikati ya kifua na pumzi 2, mrudie bila kuacha huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112. Angalau watu wazima wawili wawe wamefunzwa na Msalaba Mwekundu kabla ya safari. Kusoma hapa hakutoshi. Na aliyemeza maji akapona, akacheka, bado apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata mbali, hata kama jua linawaka, wote nje ya maji. Hapo hakuna kuhesabu mpaka 50.

Mizigo

Kila mmoja abebe begi moja analoweza kulibeba mwenyewe kwa dakika 20. Mtoto abebe lake. Baba ukiona anayumba, mwache ayumbe. Safari ijayo atafungasha vizuri zaidi.

- Nguo seti mbili, na sweta hata kama mchana kuna jua. Usiku wa Meru haukudanganyi.
- Viatu vya kulowa na viatu vya kukaa kavu. Miguu mitupu hapana, kuna vigae vya chupa.
- Kofia, tochi yenye betri mpya, sahani, kikombe.
- Blanketi au mfuko wa kulalia, mkeka, na chandarua kama hema halina wavu.
- Dawa za mtoto, kwenye mfuko wenye jina.
- Kila kitu ndani ya mfuko wa plastiki mzito, uliofungwa fundo, kisha ndani ya begi. Vile vigunia vya nailoni vya sokoni havizuii maji.

Visivyokuja: pombe ya aina yoyote, na spika. Kuhusu pombe kila mwaka kuna baba anayeniuliza "hata moja, ya jioni, watoto wakilala?" Hata moja. Kesho yake asubuhi utakuwa mbele ya mtumbwi ambao dereva wake ana miaka 12. Simu za baba zikusanywe kwenye ndoo moja, abaki na simu kiongozi tu.

Kambini

Maji ndiyo hesabu ya kwanza. Lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia na kunawa. Watu 16 kwa siku mbili ni lita 160, madumu manane. Msitegemee ziwa. Na kuna jambo la huku kwetu: maji ya sehemu nyingi za kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, ndiyo maana tuliokulia huku meno yetu yana rangi ya kahawia. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale. Siku mbili hazitamharibu mtu meno, lakini kama mna njia ya kuleta maji ya kunywa kutoka chanzo mnachokiamini, leteni.

Kuni msikate. Ni msitu wa hifadhi, na hata tawi kavu mnaweza kuulizwa. Mtungi mdogo wa gesi na jiko la mkaa vinatosha. Moto wa jioni uwashwe panaporuhusiwa tu, uzimwe kwa maji mpaka majivu yashikike kwa mkono. Sabuni isiingie ziwani hata povu: Duluti halina mto unaotoka, mnachokitia humo kinabaki humo. Osheni vyombo mbali, maji machafu mwageni kwenye shimo.

Chakula kiwe kile watoto wanachoweza kupika wenyewe. Uji asubuhi, ndizi na maharage mchana, wali jioni. Makande myachemshe nyumbani, kambini ni kuunga tu. Bibi mmoja alitupa dumu la loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, siku moja, likaisha kabla mahema hayajasimama, na tangu hapo watoto wanamuulizia yeye kabla ya kuuliza tarehe.

Halafu wapo wenyeji. Kima watachukua mkate kwenye meza mkiutazama. Chakula chote kwenye ndoo yenye mfuniko na jiwe juu. Kenge huonekana kando ya maji, ni wakubwa na hawana shida na mtu asiyewasumbua. Wanaonitisha mimi ni siafu. Kabla ya kusimamisha hema, pitieni ardhi yote na tochi hata mchana, mtafute mstari mweusi unaotembea. Mkiuona, hameni. Usiku wakija, toeni watoto kwanza, mahema baadaye.

Mpangilio wa kulala hauna mjadala: kila baba na mwanawe hema lao. Hakuna mtu mzima anayelala na mtoto asiye wake, wala kumpeleka chooni peke yake. Watu wazima wawili, au watoto wawili. Anayeona sharti hili ni tusi, abaki nyumbani.

Makosa madogo yanayojirudia

- Mitumbwi minne, jozi nane, na wote wanataka kuingia pamoja. Gawanyeni zamu, walio nchi kavu wanapika.
- Kuingia majini saa nane mchana, upepo ukishaanza. Saa moja hadi saa nne ziwa ni kioo.
- Kulinganisha watoto. "Tazama mwenzako anavyonyoosha." Mtoto atanyooka siku hiyo, na mwaka ujao hatakuja.
- Mashindano. Akina baba wataanzisha mbio, hilo halina kinga. Yaacheni mpaka zamu ya mwisho, karibu na ufuko.
- Kusahau kuhesabu. Kila mtumbwi unapotoka na kurudi, mtu mmoja aliye nchi kavu aandike jina na saa. Kichwani hapana, kwenye daftari.

Na asiye na baba?

Swali hili halinijii kwa simu. Huja kwa mtoto mwenyewe, baada ya paredi, akichezea skafu. Baba amefariki, au yuko machimboni Mererani na harudi, au hajulikani.

Nyuma ya Duluti, pale Tengeru, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 na kuendelea waliletwa hapo wakimbizi wa vita wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, kwa sababu wanaume walikuwa jeshini au walishakufa. Watoto wale walikuwa na vikundi vyao vya skauti, hapohapo Tengeru. Nikipita na vijana makaburini huwaambia habari hiyo, na wale wenye shida hii hunielewa kabla sijamaliza.

Kwa hiyo, kwanza, barua ya mwaliko isiandikwe "baba na mwana". Andikeni "skauti na mtu mzima wake". Mjomba anakuja, babu anakuja, baba mdogo, kaka aliyemaliza chuo. Mama anakuja pia, na nimeona mama aliyekaa mbele ya mtumbwi bila kugeuka hata mara moja, jambo ambalo hakuna baba aliyewahi kuliweza siku ya kwanza. Pili, mtafuteni mtu huyo wiki sita kabla, si Alhamisi. Mtoto akikosa mtu kabisa, apande na skauta kwenye mtumbwi wa uokoaji, na alale hema moja na vijana wenzake wawili, si na mtu mzima. Mtumbwi huo ndio wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka. Mpeni filimbi, na akiwa nchi kavu, daftari la majina.